Shujaa na Wanaomwandika: Namna ya Kusoma Riwaya za Kihistoria Tukiwa Ujiji

Mhadhara wa umma, Buzebazeba, Manispaa ya Kigoma Ujiji



Mada ya leo ni riwaya za kihistoria, hasa zile zinazomweka shujaa wa taifa katikati ya masimulizi. Mada hii inatugusa sisi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika kuliko inavyodhaniwa. Ujiji imeandikwa sana: na wasafiri, wamisionari, maofisa wa kikoloni, waandishi wa magazeti na watunzi wa riwaya. Mtoto anayesoma shule hapa Buzebazeba anaweza kukutana na mji wake ndani ya kitabu kilichochapishwa London kabla hajakutana nao ndani ya kitabu kilichochapishwa Dar es Salaam. Swali linalofuata ni zito: tukishika kitabu cha namna hiyo tukisomeje? Tukiamini, tukikatae, au iko njia nyingine?

Hoja yangu ni moja. Riwaya inayosimulia maisha ya shujaa wa kale hutupa habari nyingi zaidi za kizazi kilichoiandika na kuinunua kuliko za shujaa mwenyewe. Wengi huiona tabia hiyo kuwa ila, wakaitupa riwaya wakakimbilia hati za kumbukumbu. Mimi nasema tabia hiyo ndiyo sababu ya kuisoma. Hati nazo zina mkono wa mwandishi na haja za wakati wake, ila huvificha, na riwaya huviweka wazi. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Msomaji aliyekomaa anasikiliza ngoma, na papo hapo anatazama ngozi imevutiwa upande gani.

Mfano wa Uskoti

Nitaanzia mbali, nchini Uskoti, kwa sababu huko jambo hili limefanyika kwa muda mrefu na athari zake zinaonekana waziwazi. Mwaka 1297 William Wallace na Andrew Moray waliliongoza jeshi la Waskoti likalishinda jeshi la mfalme wa Uingereza kwenye daraja la Stirling, tarehe 11 Septemba. Mwezi mmoja baadaye majina ya wawili hao yalitajwa katika barua iliyopelekwa kwa wafanyabiashara wa Lübeck na Hamburg, kuwajulisha kwamba bandari za Uskoti ziko wazi tena kwa biashara. Moray alifariki muda mfupi baada ya vita, pengine kwa majeraha. Wallace alishindwa Falkirk mwezi Julai 1298, akaishi mafichoni, akasalitiwa, na tarehe 23 Agosti 1305 akauawa London kwa mateso makali. Ukiondoa nyaraka chache za namna hiyo pamoja na maandishi ya maadui zake, habari za uhakika juu ya Wallace ni haba mno. Hatujui kwa yakini alizaliwa mwaka gani, wala sura yake ilikuwaje.

Uhaba huo haukuwazuia watu kuandika. Mnamo 1477, miaka zaidi ya 170 baada ya kifo chake, mshairi aitwaye Blind Harry alitunga utenzi mrefu juu ya Wallace, na humo akamjaza chuki kali dhidi ya Waingereza, chuki iliyoendana na siasa za wakuu wa Uskoti wa siku za mshairi huyo. Mwaka 1810 Jane Porter alichapisha riwaya ya The Scottish Chiefs. Wallace wake ni mcha Mungu, mpole kwa wanawake, mwenye huruma kwa adui; ndiye kiongozi ambaye wasomaji wa Uingereza, waliokuwa wamechoshwa na vita dhidi ya Napoleon, walitamani kumwona. Mwaka 1975 Nigel Tranter alitoa riwaya ya The Wallace, miezi michache tu baada ya chama cha kitaifa cha Uskoti kupata viti 11 katika uchaguzi wa Oktoba 1974, na wakati mafuta ya Bahari ya Kaskazini yameamsha upya mjadala wa kujitawala. Mwaka 1995 ikaja filamu ya Braveheart, ikifuatana na riwaya ya mwandishi wa mswada wake, Randall Wallace. Filamu ile ilionyesha vita vya daraja la Stirling bila daraja, ikamfuta Andrew Moray kabisa, na ikampa Wallace mapenzi na binti mfalme Isabella wa Ufaransa, ambaye Wallace alipouawa alikuwa bado mtoto na hajakanyaga Uingereza.

Mwanahistoria anaweza kuishia hapo akasema yote ni uongo. Lakini tutazame kilichotendeka nje ya kitabu. Mnara wa kumkumbuka Wallace ulifunguliwa karibu na Stirling mwaka 1869, na wengi waliochangia ujenzi wake walikuwa raia waaminifu wa dola ya Uingereza. Kwao Wallace alithibitisha kwamba Uskoti iliingia katika muungano ikiwa nchi huru, haikutekwa. Kizazi cha baadaye kilimsoma Wallace yuleyule kama hoja ya kudai bunge la Uskoti, na kura ya maoni juu ya bunge hilo ilipigwa tarehe 11 Septemba 1997, siku ileile ya ushindi wa Stirling, baada ya miaka 700 kamili. Mtu mmoja, kaburi lisilojulikana, na makusudi mawili yanayopingana. Anayesoma kitabu kimoja tu atadhani amemjua Wallace. Anayesoma vitatu vya nyakati tatu atawajua Waskoti wa nyakati hizo, na hayo ni maarifa ya kweli ya historia.

Msomaji wa Kiswahili anaijua Uskoti ya kale hata bila kupitia Wallace. Mwaka 1968 Samuel Mushi alitafsiri tamthilia ya Shakespeare, Makbeth, ikachapishwa na Tanzania Publishing House. Macbeth aliyetawala Uskoti hasa, kuanzia 1040 hadi 1057, alimshinda mfalme Duncan vitani. Hakumuua mgeni wake kitandani. Shakespeare aliandika mnamo 1606, miaka michache baada ya James, mfalme wa Waskoti, kurithi kiti cha Uingereza mwaka 1603. Ukoo wa James uliaminiwa kutokana na Banquo, na katika tamthilia Banquo ni mtu mwema aliyedhulumiwa. Kwa hiyo mfalme aliyetawala miaka 17 amebaki duniani kama muuaji, kwa sababu hadithi yake iliandikwa mbele ya macho ya nasaba nyingine. Wanafunzi wengi wa Kiswahili wameisoma tamthilia hiyo kama fundisho juu ya tamaa ya madaraka, na ni fundisho la kweli. Itafaa wafundishwe pia kwamba waliyemsoma ni Macbeth wa mwaka 1606.

Hati za Ujiji nazo zina mkono wa mtu

Sasa turudi nyumbani. Mwaka uleule wa 1869, Waskoti walipofungua mnara wa shujaa wao wa kale, shujaa wao mwingine aliwasili Ujiji akiwa mgonjwa na hana mali. David Livingstone, mzaliwa wa Blantyre, alifika hapa mwezi Machi. Akavuka kwenda Umanyema, na tarehe 15 Julai 1871, pale Nyangwe kando ya mto Lualaba, akashuhudia wafanyabiashara wakiwamiminia risasi watu sokoni. Akarudi Ujiji amevunjika moyo, na hapo Henry Morton Stanley akamkuta. Kumbukumbu yao ipo mjini mwetu hadi leo, na Ujiji ni mojawapo ya vituo vya njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu ambavyo Tanzania imeviweka katika orodha ya awali ya UNESCO tangu 2006.

Mkutano ule hutajwa kama tukio lisilo na shaka, kwa kuwa uko kwenye hati. Tuzikague hati zenyewe. Stanley aliandika kwamba walikutana tarehe 10 Novemba 1871. Katika shajara ya Livingstone tukio hilo limewekwa mwishoni mwa Oktoba. Ile salamu maarufu, “Dr. Livingstone, I presume?”, tunaijua kutoka kwa Stanley, na kurasa za shajara yake binafsi zinazohusu kukutana kwao zimechanwa. Kitabu chake cha 1872 kiliandikwa na mtu aliyelipwa na gazeti la New York ili alete habari itakayouzika. Shajara za mwisho za Livingstone zilichapishwa mwaka 1874 zikiwa zimehaririwa na rafiki yake, Horace Waller, aliyetaka Waingereza wamwone mtakatifu wa vita dhidi ya utumwa. Huko Umanyema karatasi zilipomwishia, Livingstone aliandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu kwa wino wa mbegu za mti, na maandishi hayo yalififia hadi yakawa hayasomeki. Mwaka 2011 wataalamu walitoa matokeo ya kuyapiga picha kwa mianga ya aina mbalimbali, yakasomeka tena. Ilionekana kwamba Livingstone mwenyewe, alipoyanakili baadaye, alibadilisha na kupunguza baadhi ya mambo, hasa yaliyohusu mwenendo wa watu wa msafara wake.

Sisemi haya ili kuyakana mauaji ya Nyangwe. Yalitokea, na koo nyingi za Ujiji zenye asili ya Umanyema zina haki ya kuyakumbuka. Nasema kwamba hati imepita mikononi mwa aliyeishuhudia, aliyeinakili, aliyeihariri na aliyeiuza, na kila mkono umeacha alama. Anayeipuuza riwaya kwa kuwa imetungwa, kisha akaipokea hati bila kuiuliza maswali, amejilinda upande mmoja na kujiacha wazi upande wa pili.

Riwaya nne za njia moja

Tuziweke sasa riwaya kadhaa mezani, zote zikihusu njia ya misafara na ziwa letu, tuone kila moja imevutia wapi. Ya kwanza ni Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, iliyochapishwa mwaka 1934, moja ya simulizi ndefu za mwanzo za Kiswahili kuhusu utumwa. Katika kitabu hicho mateka wanateswa na wafanyabiashara Waarabu, wanaokolewa na manowari ya Waingereza, na wanapata maisha mapya katika kijiji cha wamisionari cha Freretown, karibu na Mombasa. Wahakiki wa baada ya uhuru walikilaumu kwa kumfanya mkoloni kuwa mkombozi. Lawama hiyo ina haki, ila haimalizi kazi. Mbotela alikuwa mtoto wa watu wa Freretown. Kitabu chake ni ushahidi wa namna jamii ya watumwa waliokombolewa ilivyojieleza kwa Kiswahili mbele ya wale walioishika hatima yao. Jambo hilo hakuna ripoti ya ofisa inayoweza kutuonyesha.

Mwaka mmoja baadaye, 1935, Mwingereza C. S. Forester alichapisha The African Queen, akichota kutoka vita vya majini vya ziwa hili. Katika vita vyenyewe, vijiboti viwili vya Waingereza, vilivyoitwa Mimi na Toutou, vilipitishwa nchi kavu katika misitu na milima ya Kongo kwa nguvu za Waafrika wengi waliokata njia na kuvuta kamba. Viliiteka meli ya Kijerumani Kingani mwezi Desemba 1915 na kuizamisha Hedwig von Wissmann Februari 1916. Graf von Götzen, iliyounganishwa hapa Kigoma, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, ikaibuliwa, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Katika riwaya, wanakijiji wanachukuliwa na Wajerumani mwanzoni kabisa, na baada ya hapo masimulizi yanabaki na Wazungu wawili na mashua yao mtoni. Waliozivuta mashua hawamo, na ukimya huo ni habari yenyewe. Unatuambia nani alihesabiwa kuwa mtu wa kusimuliwa, katika mwaka ambao Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Uingereza.

Vitabu viwili vya karibu zaidi vinageuza upande. Paradise ya Abdulrazak Gurnah, ya mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi mwaka 2022, inaisimulia safari ya msafara kutoka pwani hadi ng'ambo ya ziwa kupitia macho ya Yusuf, kijana aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake. Ndani yake hakuna shujaa wa kuchongewa sanamu. Mfanyabiashara ana adabu na pia ana ukatili. Mtemi Chatu anaunyang'anya msafara mali, akikumbusha kwamba wageni waliotangulia walimdhulumu. Na mwisho wa yote Wajerumani wamekwisha kuingia. Petina Gappah wa Zimbabwe, katika Out of Darkness, Shining Light ya mwaka 2019, anasimulia safari ya kuubeba mwili wa Livingstone, aliyefariki tarehe 1 Mei 1873 katika nchi ambayo sasa ni Zambia, hadi Bagamoyo, ulikofikishwa Februari 1874. Wasimulizi wake ni Halima, mpishi wa msafara, na Jacob Wainwright, mtumwa aliyekombolewa na kusomeshwa India. Wote wawili walikuwepo kweli. Wainwright ameacha maandishi. Halima ametajwa na wengine tu, kwa mistari michache. Riwaya imempa sauti yule ambaye hati ilimwacha jikoni.

Tukizipanga riwaya hizi nne kwa miaka yake, 1934, 1935, 1994 na 2019, tunapata historia ya mabadiliko ya swali. Kwanza liliulizwa: nani alituokoa? Halafu: nani alikuwa jasiri? Baadaye: nani aliuzwa, na kwa bei gani? Na mwisho: nani alibeba mzigo? Njia ni ileile na ziwa ni lilelile. Kilichobadilika ni wale wanaouliza, na riwaya zimehifadhi badiliko hilo kwa uaminifu.

Mirambo, shujaa anayengoja riwaya

Nani basi ni Wallace wetu, katika nchi hizi zilizo kati ya Tabora na Ujiji? Jina linalokuja kwanza ni Mtemi Mirambo. Alizaliwa mnamo 1840, akatawala Uyowa, akajenga dola yenye makao yake Urambo, na mwaka 1871 akaingia vitani na Waarabu wa Unyanyembe pamoja na mshirika wao, Mtemi Mkasiwa. Stanley, akiwa njiani kuja huku, alijiunga na Waarabu hao mwezi Agosti, wakashindwa, akalazimika kuzunguka kusini ili afike Ujiji. Hata ule mkutano maarufu wa mjini kwetu ulichelewa kwa sababu ya Mirambo. Nguvu zake zilifika hadi Uvinza, kwenye chumvi, na wafanyabiashara wa Ujiji walilazimika kumfikiria kila walipopanga safari ya pwani. Alifariki tarehe 2 Desemba 1884, na dola yake haikudumu sana baada yake.

Taswira ya Mirambo imegeuzwa na kila aliyemwandika. Katika kitabu cha 1872 Stanley alimweleza kama jambazi wa kutisha. Walipokutana ana kwa ana mwaka 1876 na kuchanjiana udugu, kalamu ileile ikamweleza kama bwana mtulivu, mwenye sauti ya upole, akamlinganisha na majemadari wakubwa wa Ulaya. Waarabu wa Tabora walimwona mvunjaji wa biashara, ilhali Tippu Tip, katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, anaeleza mawasiliano ya kirafiki kati yao. Wamisionari wa London waliokaribishwa Urambo mwaka 1879 walimwona mlinzi. Kisha mwaka 1966, miaka mitano baada ya uhuru na mwaka mmoja kabla ya Azimio la Arusha, J. B. Kabeya akachapisha kwa Kiswahili kitabu cha Mtemi Mirambo, na humo akasimama shujaa aliyeunganisha watu wake. Taifa changa lilimhitaji mtu wa namna hiyo, na Kabeya alimtoa katika historia yetu wenyewe. Ni kazi ya heshima.

Lakini ukweli ni mpana kuliko kila taswira. Vita vya 1871 havikuwa vya Waafrika dhidi ya wageni peke yake, kwa sababu Wanyamwezi walikuwa pande zote mbili. Mirambo alipigania njia ya biashara ili yeye naye aitawale, na biashara hiyo ilikuwa ya pembe na pia ya watu. Wapiganaji wake, rugaruga, walilinda vijiji vingine na kuteketeza vingine. Riwaya kubwa ya Kiswahili juu ya Mirambo, itakayombeba na mgongano wote huo bila kumpaka chokaa, ni deni la fasihi yetu. Mtunzi atakayeilipa atalazimika kuamua mama wa Uvinza aliyechomewa ghala la chakula anakaa wapi katika kitabu, na uamuzi huo ndio utakaowaambia wasomaji wa baadaye sisi tulikuwa watu wa namna gani.

Kuhusu pingamizi

Hoja hii ina wapinzani wenye uzito, na ni haki kuwajibu. Wa kwanza ni mwalimu wa historia. Yeye anasema kijana akishaona Wallace wa filamu au Livingstone wa hadithi, picha ile humkaa kichwani na hakuna kitabu cha marejeo kitakachoing'oa. Hofu yake ni ya kweli. Hata hivyo, kumnyima kijana riwaya hakumwachi kichwa kitupu. Kunamwachia picha za filamu, za mitandao na za majigambo ya vijiweni, ambazo hakufundishwa kuzihoji. Dawa ni kumpa riwaya mbili zinazogombana juu ya mtu mmoja, kisha ukurasa wa hati, kisha swali. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili limekwisha kuingia katika mitaala yetu. Lina nafasi ya kutosha kwa zoezi kama hilo.

Mpinzani wa pili anazungumza kwa niaba ya taifa. Anauliza: tukianza kuchambua nani alimtengeneza shujaa na kwa nini, tutabaki na nani wa kuwaunganisha watu? Jibu nalitoa katika fasihi yetu. Ebrahim Hussein, katika utangulizi wa Kinjeketile, tamthilia ya mwaka 1969, alimtenganisha waziwazi Kinjeketile wa sanaa na Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905. Kisha akamwandika mtu mwenye mashaka, anayeogopa neno lililotoka kinywani mwake lisije likamshinda nguvu. Tamthilia hiyo imesomwa shuleni kwa miaka mingi na heshima ya Kinjeketile haikupungua. Imezidi, kwa sababu ujasiri wa mtu mwenye mashaka ni mkubwa kuliko wa mtu asiyejua hofu. Taifa linalowapenda mashujaa wake kwa macho wazi haliwezi kuyumbishwa siku kasoro zao zitakapotajwa na mgeni.

Wa tatu ni mzee wa hapa, naye ananipa kazi ngumu kuliko wote. Anasema: sisi tuna masimulizi ya wazee, riwaya ya nini? Ninayaheshimu masimulizi hayo, na bila hayo hakuna mwanahistoria wa Afrika anayeweza kusimama. Lakini nayo hutii kanuni ileile. Tazama habari za Fumo Liyongo, shujaa wa mwambao wa kaskazini, ambaye utenzi wake uliandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Kama Wallace, ni jitu lenye nguvu; kama Wallace, anasalitiwa na mtu wa karibu; na wataalamu wanatofautiana kwa karne kadhaa juu ya wakati alioishi. Masimulizi ya Liyongo yalipita vinywa vingi kabla ya kufika kwenye wino, na kila kinywa kilikuwa na mji wake na nasaba yake ya kuitetea. Riwaya haiji kuyafuta masimulizi ya mzee. Inayachukua, inaweka jina la mwandishi na mwaka juu ya jalada, na hivyo inamwezesha msomaji kujua ni nani anazungumza na anazungumza lini.

Kusoma kwa macho wazi

Kutokana na haya yote napendekeza maswali matatu kwa msomaji wa riwaya yoyote ya kihistoria. La kwanza: kitabu kimeandikwa mwaka gani, na mwaka huo watu wake walikuwa wanahitaji nini? La pili: nani amenyamazishwa? Katika Braveheart ni Andrew Moray. Katika The African Queen ni wavuta kamba wa Kongo. Katika hadithi nyingi za Livingstone ni Halima. La tatu: kitabu kinapoachana na hati, kimeziba pengo ambalo hati iliacha, au kimeifuta habari ambayo hati inayo? Gappah alipoyatunga mawazo ya Halima aliziba pengo. Braveheart ilipomfuta Moray ilifuta habari iliyopo. Mtunzi ana ruhusa ya kuziba. Kufuta kuna gharama, na msomaji ana haki ya kuidai.

Katika maswali hayo hakuna hata moja linalohitaji shahada. Linalohitajika ni vitabu viwili badala ya kimoja, na mtu wa kubishana naye kwa heshima. Hapa Kigoma Ujiji tuna vyote vinavyozaa riwaya: njia ya misafara, reli iliyofika mwaka 1914, meli ya vita iliyogeuka chombo cha abiria, falme za Buha na mwami mwanamke Theresa Ntare wa Heru, Wamanyema waliofika na misafara wakajenga mji, na wakimbizi wa nyakati mbalimbali waliopokelewa mkoani humu. Mengi ya hayo yameandikwa na wageni, na wengine wao waliandika kwa uaminifu. Hatuna sababu ya kuwachukia kwa kuandika. Sababu ya kuandika sisi wenyewe tunayo.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Walimu, wapeni wanafunzi Peponi pamoja na Uhuru wa Watumwa, kisha waulizeni vitabu hivyo vinapishana wapi na kwa nini. Wazee, semeni habari za mfanyabiashara Rumaliza, za Mirambo na za wapagazi wakati vijana wana kalamu mkononi, mkizitaja na zile msizopenda kuzisikia. Nanyi vijana wa Buzebazeba mnaotamani kuandika, msingoje ruhusa ya mtu. Andikeni riwaya ya nchi hii kwa Kiswahili, wekeni mwaka wenu juu ya jalada, na mkubali kwamba watakaokuja watawasoma ninyi kama sisi tulivyowasoma Waskoti.